Kusoma Mgongo wa Chupa

Katika supa moja mjini Kitale, rafu ya pombe iko mwisho kabisa, ukishapita unga, sabuni ya mche na ndoo za plastiki. Hapo ndipo binamu yangu, Desemba iliyopita, alipochukua chupa ya divai nyekundu kutoka Ufaransa. Ilikuwa ya Bordeaux. Bei yake ilizidi nusu ya gunia la mahindi, na katika mji kama Kitale, ambako kila kitu hupimwa kwa gunia la mahindi, hilo ni jambo la kumfanya mtu asite kidogo mbele ya keshia. Binamu hakusita. Anafanya kazi Nairobi, kwenye mkoba alikuwa na chupa nyingine aliyotoka nayo huko, na tulikuwa njiani kwenda kumwona kukhu, nyanya yetu, nje kidogo ya Chwele katika kaunti ya Bungoma.

"Si wewe ndiye ulisoma mambo ya vitabu?" aliniambia tukiingia kwenye matatu. "Basi soma hii utuambie inasema nini."

Nikaisoma. Tulipofika Kiminini nilikuwa nimemaliza. Kamukuywa nikarudia. Kufika Kimilili nilikuwa tayari nabishana nayo. Maana yale maneno machache yaliyobandikwa mgongoni mwa chupa ni andiko kama maandiko mengine: lina msimulizi, lina hadhira, lina tamathali zake na lina mambo linayoyaficha. Tumehakiki riwaya, mashairi, mahubiri na hotuba za wanasiasa. Sijaona mtu akihakiki lebo ya divai kwa Kiswahili, ilhali chupa zenyewe zinazidi kufika mezani kwetu, kwenye harusi, kwenye mahari, kwenye sherehe za kuhitimu. Wacha nijaribu.

Lebo yetu ilisema, kwa Kiingereza kilichonyooshwa kama shati la Jumapili, kwamba divai hii ina matunda meusi, hasa blackcurrant, kisha mwerezi, kisha tumbaku, na vanila kwa mbali. Ikashauri inywewe kwa nyama nyekundu, nyama ya porini na jibini iliyokomaa.

Tuanze na hilo la mwisho. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Anayekula nyama ya porini huku kwetu anaila pamoja na kesi. Kwa hivyo lebo, bila kujua, inamshauri msomaji wa Kitale anunue divai halali aende akainywe na kosa la jinai. Na jibini iliyokomaa? Tuna maziwa lala, tuna mursik kwa majirani zetu Wakalenjin. Jibini ya kukomaa iko kwenye friji ya supa ileile, kipande kidogo kwa bei ya kuku mzima.

Ni rahisi kucheka hapa, na binamu alicheka, matatu nzima ikageuka kututazama. Lakini uhakiki unaoishia kwenye kicheko ni wa kivivu. Swali ni hili: lebo ikitaja vitu nisivyovijua, je, kosa ni la lebo au ni langu? Nikichukua shairi la Mswahili wa Lamu linalotaja nanga na tanga, simlaumu mshairi kwa kuwa mimi nilikulia kwenye mahindi. Ninauliza baharia. Basi na hapa inabidi tuulize kwanza hayo maneno yanataka kusema nini.

Divai nyekundu ya Bordeaux kwa kawaida ni mchanganyiko. Kuna Cabernet Sauvignon, zabibu yenye ngozi nene inayopenda udongo wa kokoto wa Médoc, ng'ambo ya kushoto ya mto. Kuna Merlot, laini zaidi, inayostawi kwenye udongo wa mfinyanzi wa ng'ambo ya kulia, kule Saint-Émilion na Pomerol. Kuna Cabernet Franc, na kidogo cha nyinginezo. Merlot ndiyo iliyopandwa kwa wingi kuliko zote, na chupa za bei ya chini mara nyingi huiegemea. Hakuna mtu aliyetia blackcurrant ndani ya pipa. Hakuna aliyetia tumbaku. Hayo ni majina ya harufu zinazotokea zabibu inapochachuka na divai inapokaa. Vanila ndiyo yenye asili ya karibu zaidi na jina lake: hutoka kwenye mbao za mwaloni zinazotengenezewa mapipa.

Halafu kuna kile kinachokausha ulimi. Kiingereza hukiita tanini, na watu wengi hufikiri ni neno la kitaalamu lisilo na ndugu kwetu. Lakini Kiswahili kina neno ukakasi, na kila mtoto wa Bungoma anaujua ukakasi kabla hajajua kusoma: ni pera bichi, ni ndizi ya kupika ukiiuma bila kupika, ni chai ya rangi iliyochemka mno. Hutoka kwenye ngozi na mbegu za zabibu na kidogo kwenye mbao. Hushikana na protini za mate, ndiyo maana mdomo unahisi kama umepigwa brashi. Kwa hivyo msomaji wa Bungoma hayuko mbali na Bordeaux kama anavyodhani. Amekuwa akiila mbichi kwenye mti.

Tukiyarudia maneno ya lebo moja moja, jambo la ajabu linatokea. Blackcurrant ndilo la kigeni kweli. Katika matatu ile ya watu kumi na wanne sidhani kama kuna aliyewahi kuliona tunda lenyewe. Tunalijua kama rangi ya Fanta. Lakini mwerezi? Mlima Elgon na Cherangani ndiko nyumbani kwa mtarakwa, mwerezi wetu, ambao wazungu waliuita mti wa penseli kwa sababu walitengenezea penseli. Waonjaji wa Bordeaux hupenda sana kusema divai fulani inanukia penseli iliyochongwa. Kuna mtoto aliyesoma shule ya msingi Bungoma asiyeijua harufu hiyo? Kuna aliyewahi kupita soko la Chwele asiyeijua tumbaku ya majani? Katika maneno manne ya lebo, mawili yalitoka kwetu au karibu na kwetu. Yalizunguka dunia yakarudi yakiwa yamevaa tai, tukashindwa kuyatambua.

Hapo ndipo ninapoiona shida halisi ya lebo hizi, na si kwamba zinasema mambo ya kigeni. Shida ni kwamba zinatufundisha kusoma ladha bila kutufundisha kuiandika. Zinatuambia: harufu zimekwisha kutajwa, kazi yako ni kukubali. Na sisi tunakubali. Nimekaa kwenye meza za harusi Kitale na kuona watu wazima, walimu na mawakili, wakizungusha glasi na kusema "ina matunda meusi" kwa sauti ya mtu anayekariri katekisimu.

Inafaa tujue kwamba katekisimu yenyewe si ya kale. Émile Peynaud, mwalimu mkubwa wa uonjaji wa Bordeaux, alichapisha kitabu chake kuhusu ladha ya divai mwaka 1980. Gurudumu la harufu, lile duara lenye majina ya matunda, maua, viungo na mbao ambalo waonjaji wengi wa leo hulitumia, lilitengenezwa na Ann Noble huko California katika miaka hiyohiyo ya 1980. Kabla ya hapo waandishi wa Kiingereza walizoea zaidi kuisifu divai kama wanavyomsifu mtu wa tabaka la juu: ina ukoo, ina adabu, ni ya kiungwana. Kwa hiyo msamiati huu unaotutisha ni rika la wengi wetu tunaousoma.

Na si kwamba wenye msamiati hawakosei. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa, Frédéric Brochet akiwa mmoja wao, walichapisha jaribio lililofanywa Bordeaux kwenyewe na watu 54. Walipewa divai nyeupe, wakaielezea kwa maneno ya divai nyeupe. Baadaye wakapewa divai ileile ikiwa imetiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Wakaielezea kwa maneno ya divai nyekundu. Jicho lilikuwa limekwisha kuuamuru ulimi nini cha kusema. Silitaji jaribio hili ili kusema waonjaji ni matapeli. Ninalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba maneno ya ladha hufuata matarajio, na mwenye kuweka matarajio ndiye mwenye maneno.

Tulifika kwa kukhu saa nane mchana. Kukhu amepita miaka themanini. Ni Mkatoliki wa tangu utotoni, wa upande wa Kibabii, na hilo lina maana katika hadithi hii, kwani majirani zake wengi ni Friends, watu wa asili ya Lugulu, ambao hawagusi pombe na hata ibada yao haina divai. Alikuwa ameketi nje chini ya mwembe. Binamu alifungua chupa, akammiminia kidogo kwenye kikombe cha chai. Mimi sikumsomea lebo. Nilitaka kuona.

Alinusa kwanza. Akanywa funda dogo, akalizungusha, akameza, akakaa kimya.

"Hii ni chai ya rangi imesahaulika kwa jiko," alisema.

Binamu akaanza kueleza kuhusu Ufaransa. Kukhu akamwinulia mkono, bado alikuwa kazini.

"Lakini chini yake kuna sanduku."

"Sanduku gani, kukhu?"

"La babu yenu. Lile la mbao alikuwa anawekea koti na tumbaku yake."

Nikaitoa chupa nikaisoma tena, kimya. Mwerezi. Tumbaku. Blackcurrant hakuisema, na angeisemaje? Ila aliponywa mara ya pili alisema kuna zambarau zilizoanguka zikakaa chini siku mbili. Kisha akauliza kama hii ndiyo ile Padri alikuwa akinywa peke yake miaka yote hiyo wao wakipewa mkate mtupu. Tukamwambia ni ndugu yake. Akasema basi Padri hakukosa mengi.

Ulimi huo haukupatikana bure. Kukhu alipika busaa zaidi ya miaka ishirini. Kwa wasomaji wa mbali: unga wa mahindi hukandwa kwa maji ukaachwa siku kadhaa uchachuke, kisha hukaangwa kwenye bati juu ya moto mpaka uwe wa kahawia na nyumba nzima inukie. Hapo huchanganywa na maji na kimea, yaani wimbi iliyooteshwa, ikaanikwa, ikasagwa. Baada ya siku mbili tatu pombe iko tayari. Wazee huinywa vuguvugu kutoka kwenye chungu kimoja kwa mirija mirefu, lusekhe kwa Lubukusu. Sokoni huchujwa ikauzwa kwa kikopo. Na katika Agosti za miaka inayogawanyika kwa mbili, wavulana wa Kibukusu wanapotahiriwa, hakuna nyumba inayoingia sherehe bila hiyo.

Mimi nililelewa karibu na bati hilo, na nakumbuka namna alivyokuwa akiisema. Bado mbichi. Imeamka. Imekaza. Imelala. Imegeuka. Busaa iliyoamka ina mapovu madogo na inauma ulimi kidogo pembeni. Iliyokaza kimea kilipungua, inakwaruza koo. Iliyolala ilikosa joto usiku. Iliyogeuka mpe ng'ombe. Kila neno lilikuwa tathmini na kila tathmini ilikuwa na hesabu ya pesa nyuma yake, kwa kuwa wateja walikuwa wakali na hapakuwa na lebo ya kuwadanganya. Hiyo ndiyo ninayoiita lugha ya uhakiki: maneno machache, yaliyopimwa, ambayo anayeyasema anaweza kupata hasara akikosea. Mwandishi wa lebo ya Bordeaux hapati hasara yoyote akiandika matunda meusi.

Lugha hiyo haikuandikwa, na sababu haikuwa kwamba waliokuwa nayo hawakujua kuandika. Sababu ilikuwa askari. Marufuku ya chang'aa iliingia kwenye sheria mwaka 1980, na katika miaka hiyo busaa nayo ilisakwa. Kukhu hakuwahi kupika chang'aa, lakini asubuhi moja walikuja wanaume wenye sare, wakavunja vyungu vinne uani, wakaondoka naye. Alirudi siku ya tatu. Mama yangu alikuwa darasa la saba na karo yake ya muhula ilikuwa ndani ya vile vyungu. Ninachokikumbuka kutoka kwenye simulizi ya mama si vyungu, ni kwamba baada ya siku ile nyumba nzima ilijifunza kutotaja. Mtu akiuliza harufu ni ya nini, ni uji. Ukizuia kitu kwa muda wa kutosha, unazuia na maneno yake.

Hapo ndipo chupa ya pili ya binamu ilipopata maana. Hii ilikuwa Beaujolais, na sisi tulikuwa tumeitumbukiza kwenye mtungi wa maji. Waandishi wa divai husema nyekundu inywewe kwa joto la nyumba. Wanamaanisha nyumba ya mawe ya Ufaransa ya zamani, si chumba cha bati Bungoma mwezi wa kumi na mbili. Kitale, kwenye mita kama 1,900, jioni inaweza kukusamehe. Bungoma iko chini, haisamehi. Kwa hivyo ushauri wangu wa kwanza kwa mnywaji wa huku ni maji baridi, nusu saa, hata kwa nyekundu.

Beaujolais hutengenezwa kwa zabibu iitwayo Gamay. Mwaka 1395 Philippe, mtawala wa Burgundy aliyeitwa Jasiri, alitoa amri Gamay ing'olewe katika ardhi yake. Aliita mche huo mbaya na msaliti. Kosa lake? Ulizaa sana, uliiva mapema, na maskini waliupenda. Yeye alitaka Pinot Noir, iliyo ngumu kulima na yenye heshima. Gamay ikabaki kusini, kwenye vilima vya Beaujolais, na kule kwenye udongo wa matale ikapata makao. Leo vijiji vyake, Fleurie, Morgon, Moulin-à-Vent na vinginevyo, vina majina yanayolindwa na sheria ya Ufaransa, mfumo ulioanzishwa mwaka 1935, kwamba hakuna mtu wa kwingine anayeruhusiwa kuandika jina hilo kwenye chupa yake. Mche uliofukuzwa kwa amri sasa unalindwa kwa amri.

Nilimsimulia kukhu. Aliuliza kama huyo mtawala alikuwa na askari. Nikamwambia alikuwa nao. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari za kijiji jirani.

Kuna namna ya kuitengeneza Beaujolais inayostahili kuelezwa. Vishada huwekwa vizima, bila kukanyagwa, kwenye pipa lililofungwa na kujazwa hewa ya kaboni. Uchachu huanzia ndani ya kila tunda. Ngozi hazipati nafasi ya kutoa ukakasi mwingi, na harufu hutoka ya matunda mabivu: cheri, stroberi, na hasa ndizi, kwa sababu inazalishwa kemikali ileile inayoipa ndizi mbivu harufu yake. Ile changa zaidi, Nouveau, huachiliwa kila Alhamisi ya tatu ya Novemba, wiki chache tu baada ya mavuno. Mtoto wa shangazi, wa miaka minane, alipitia karibu na glasi ya binamu, akainusa kabla hatujamfukuza, akasema, "Inanuka ndizi." Hakuwa amesoma gurudumu la mtu yeyote.

Sasa chakula. Tulikuwa na kuku wa kienyeji, ingokho kama inavyojulikana Kenya nzima, aliyechemshwa kwanza kisha akakaangwa. Tulikuwa na ugali wa wimbi, mrenda, nyama ya ng'ombe iliyochomwa na mafuta yake, na omena, kwa kuwa binamu anapenda omena. Haya ndiyo niliyoyaona.

Bordeaux na nyama choma: lebo ilisema kweli. Mafuta na protini huupa ukakasi kitu kingine cha kushika badala ya ulimi wako. Kukhu alikula kipande chenye mafuta, akanywa, akasema, "Sasa imenyamaza." Sijasoma maelezo mafupi na sahihi kuliko hayo kuhusu tanini. Chumvi nayo husaidia, hupunguza uchungu. Pilipili haisaidii: huwasha moto kwenye kileo, kwa hivyo weka kachumbari kali mbali.

Bordeaux na omena: usithubutu. Divai nyekundu ina chembe za chuma, na chuma hicho kikikutana na mafuta ya samaki huleta ladha mbaya mdomoni. Binamu alisema ni kama kulamba jembe. Na mrenda haukubali ukakasi hata kidogo. Ule utelezi unafunika ulimi, divai inaukwaruza, kila kimoja kinavutia kwake.

Beaujolais na ingokho: hapa tulinyamaza sote. Kuku wa kienyeji ana ladha nzito lakini hana mafuta mengi, hahitaji ukakasi wa kumkata. Anahitaji uchachu na tunda. Na ule uchungu mdogo wa wimbi kwenye ugali ulifanya divai ionekane tamu zaidi. Kukhu aliongeza kikombe. "Hii ina kicheko," alisema. Akauliza mbona tulianza na ile ya sanduku.

Kwa hivyo ikiwa msomaji wa Kitale au Bungoma ana pesa ya chupa moja tu ya Kifaransa kwa ajili ya wakwe, na wakwe wameahidi kuchinja kuku, asikimbilie Bordeaux kwa sababu ya jina. Atafute kitu chepesi. Hiyo ndiyo hukumu yangu kama mhakiki wa meza.

Lakini hukumu juu ya lebo bado. Watu huniambia Kiswahili hakina maneno ya kuielezea divai. Ajabu, kwa sababu Kiswahili kina majina matatu ya divai yenyewe: mvinyo tuliouchukua kwa Wareno, divai ambayo asili yake ni Kifaransa na ndiyo iliyoingia kwenye Biblia pale Kana, na waini tunayosema Wakenya tukiwa na haraka. Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na divai hutengenezwa tangu enzi za wamisionari na kiwanda cha serikali, wakulima huuza kile wanachokiita mchuzi wa zabibu. Mchuzi! Neno moja la jikoni, na papo hapo divai imeshuka kutoka madhabahuni ikaketi sinia moja na wali. Naivasha nako kuna divai iliyoitwa Leleshwa, jina la kichaka cha Bonde la Ufa. Maneno yapo. Kinachokosekana ni ujasiri wa kuyaweka mgongoni mwa chupa.

Na hapa sitaki mtu anisome vibaya. Sisemi pombe ni nzuri. Mwaka 2014 pombe zilizotiwa methanoli ziliua watu wengi katika kaunti kadhaa za Kenya, na kuna boma huku kwetu zilizovunjwa na kikopo kuliko zilivyovunjwa na askari. Kukhu mwenyewe alikuwa na wateja aliowafukuza ili wapeleke pesa nyumbani. Ninachosema ni kwamba giza ndilo lililowasaidia wenye methanoli. Kitu kisicho na jina, kisicho na tarehe na kisicho na mtengenezaji anayejulikana ndicho kinachoua kirahisi.

Sheria ya 2010, ile watu huiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge wa Naivasha wa wakati huo, ilifuta marufuku ya chang'aa na kusema pombe za kienyeji zinaweza kuuzwa kwa masharti: leseni, viwango, chupa, lebo. Katiba ya mwaka huohuo ikazipa kaunti kazi ya leseni. Kwenye karatasi, mlango ulifunguka. Lakini chupa, mashine na viwango vinahitaji mtaji, na mwanamke mwenye bati moja na vyungu vinne hana. Kwa hiyo kwenye rafu ya Kitale utaipata Bordeaux na mwerezi wake. Busaa ya Chwele huipati.

Jioni ile, kukhu akiwa bado chini ya mwembe, nilichukua daftari nikajaribu kumwandikia lebo. Nilitumia maneno yake kadiri nilivyoyakumbuka:

Busaa ya Chwele. Mahindi na wimbi. Harufu ya unga uliokaangwa ukakaribia kuungua, maziwa lala na moshi wa mbali. Uchachu wa ukwaju kwanza, halafu utamu mdogo wa kimea, halafu mchanga mwembamba ulimini. Imeamka, haijakaza. Inywewe vuguvugu siku ya tatu. Siku ya nne usimpe mgeni. Inafaa kwa matumbo, nyama iliyokaushwa, malewa ya Mlima Elgon na njugu. Haifai kunywewa peke yako.

Nikamsomea. Alisikiliza hadi mwisho. Alisahihisha mambo mawili: si ukwaju, ukwaju ni wa watu wa pwani, sema maembe mabichi. Na siku ya nne inategemea baridi.

"Halafu umesahau kitu," alisema.

"Nini?"

"Hujaandika nani alipika."

Niligeuza chupa ya Bordeaux. Ilikuwa na jina la kampuni na jina la mji. Jina la aliyekata vishada au aliyelinda pipa halikuwepo, na hadi dakika hiyo sikuwa nimeliona pengo hilo, mimi mhakiki. Nikashika kalamu niandike jina la kukhu chini ya lebo yake. Kisha nikakumbuka kwamba katika nchi hii, kwa mtu asiye na leseni, jina chini ya maneno yale si sahihi ya msanii. Ni ushahidi.

Nimeliacha pengo wazi kwenye daftari. Maembe mabichi nimeyaandika.